Benchi la Vienna

Wifi yangu ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu ya bluu: "Leo hajasema baba." Siku nne mbele: "Kijiko kimemshinda. Juzi alikuwa anakishika." Halafu ukurasa mzima una neno moja na tarehe: "Mikono." Mwanaidi (si jina lake) alikuwa na miezi kumi na sita. Vidole alivyokuwa akiokotea punje za wali moja moja kwenye jamvi vilikuwa vimeanza kusuguana, kama mtu anayenawa bila maji, kutwa nzima, mpaka ngozi ikachubuka.

Nakiri mbele za watu: mimi, shangazi mtu, ndiye niliyesema ni zongo. Mtoto mnene, mzuri, kapitishwa mikononi mwa watu harusini, kijicho kimempata. Tukamwandikia kombe, akanywa. Tukamfunga hirizi. Mama yangu hakusema sana, ila macho aliyaelekeza kwa mama wa mtoto, na kila mtu nyumbani alielewa swali: kwani kwao kuna nini? Mtoto alipoanza kucheka peke yake usiku, saa nane, gizani, kicheko cha mtu anayesimuliwa kisa kitamu, nusu ya nyumba ilihamia chumba cha mbele.

Jina tulilipata baada ya miaka mitatu na hospitali nne. Kwanza ulikuwa mtindio wa ubongo, kisha usonji, kisha kifafa, na kila jina lilikuja na dawa yake na nauli yake. Wa nne alikuwa daktari kijana ambaye hakufungua faili. Alivuta kiti, akaiangalia mikono ile dakika tano nzima, akauliza: "Alikuwa anaongea?" Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Wifi akatoa daftari kwenye mkoba. Damu ikasafirishwa India kwa nusu ya bei ya bodaboda mpya, na majibu yakarudi na herufi ambazo sasa nazikumbuka kuliko namba yangu ya simu: MECP2, jina la kinasaba, yaani kipande cha maelekezo ya mwili tunachozaliwa nacho. Sindromu ya Rett.

Nilipoanza kusoma habari za ugonjwa huu, kitu cha kwanza kilichonishika ni benchi. Mwaka 1954, jijini Vienna, daktari wa watoto aitwaye Andreas Rett alipita kwenye chumba cha kungojea cha kliniki yake, akawakuta wasichana wawili wamepakatwa na mama zao. Wote wawili walikuwa wakisugua mikono namna moja. Kila mmoja peke yake alikuwa mtoto mgonjwa tu, wa kuandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani. Wawili pamoja walikuwa ugonjwa. Rett akaanza kuwatafuta wengine, akawapiga picha za filamu, akazunguka Ulaya kuuliza nani kawaona watoto kama hawa. Mwaka 1966 akachapisha alichokiona, kwa Kijerumani, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Ilibidi kungojea mpaka 1983, Bengt Hagberg wa Sweden na wenzake wa Ufaransa na Ureno walipoandika kwa Kiingereza juu ya wasichana 35. Mwaka huohuo, huko Houston, Marekani, daktari aliyezaliwa Beirut, Huda Zoghbi, alimwona msichana wa kwanza wa namna hii, na muda si mrefu akaletewa wa pili. Wawili tena! Zoghbi akaacha mengine akaanza kutafuta chanzo, na mwaka 1999 maabara yake ikakipata kinasaba chenyewe.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema "utafiti" kama kitu cha wazungu wenye darubini, nami huku kazi yangu ni kuombewa na kupewa pole, huwa nabisha. Utafiti wa ugonjwa huu umeanza kwa mama wawili kukaa benchi moja, na mtu mmoja kuwa na macho. Chama cha kwanza kikubwa cha ugonjwa huu Marekani kilianzishwa na mama, Kathy Hunter, katikati ya miaka ya 1980. Waliotoa damu ya watoto wao kinasaba kikapatikana ni wazazi. Daftari la wifi yangu ni ndugu wa filamu za Rett, tofauti ni kwamba la wifi lina doa la mafuta ya nazi.

Shida yetu ni kwamba mabenchi yetu hayawakutanishi. Piga hesabu nami. Rett humpata takriban msichana 1 kati ya 10,000 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka, nusu yao wasichana. Hao ni kama 100 kwa mwaka, kila mwaka. Wako wapi? Mmoja yuko Sumbawanga anaitwa mwenye kifafa. Mwingine yuko Pemba, mwenye shetani. Mwingine yuko nyuma ya pazia nyumba ya jirani yako, na wewe hujui kama kuna mtoto mle.

Sasa nifike kwenye lile swali la mama yangu, kwani kwao kuna nini, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Kinasaba hicho kinakaa kwenye kromosomu X, kifurushi kimojawapo cha vinasaba. Mtoto wa kike ana kromosomu mbili za X, moja ya mama na moja ya baba. Kila chembe ya mwili huzima moja na kutumia nyingine, na si zote zinazozima ileile. Mwili wa msichana, kwa hiyo, ni kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbili. Kwa Mwanaidi, muwaa wa rangi moja una kasoro. Chembe zenye muwaa mzima zinafanya kazi, za kasoro zinasuasua, na ndiyo sababu mojawapo mtoto mmoja wa Rett anatembea na mwingine hasimami kabisa. Mvulana mwenye X moja tu hana rangi ya pili ya kumshika, na wengi huumwa vibaya mno tangu uchanga.

Na kasoro hiyo inatoka wapi? Karibu mara zote hairithiwi. Huzuka mpya, kama herufi iliyokosewa mwandishi akinakili kitabu kirefu. Na wanasayansi walipofuatilia, waliona kwamba mara nyingi kosa hilo la kunakili hutokea kwenye mbegu ya baba. Baba humpa bintiye X, mwanawe wa kiume humpa Y, na hapo unaanza kuelewa kwa nini wagonjwa karibu wote ni wasichana.

Nilimweleza mama yangu haya barazani, taratibu, kwa mkeka uleule aliokuwa anausuka. Alisikiliza. Akauliza, "Yaani ni sisi?" Nikamwambia si sisi, mama, si mtu, kaka hakula kitu, hakufanya kitu, mkono uliteleza tu. Akavuta ukili, akasuka kama nusu shibiri hivi bila kusema. Miaka mitatu wifi yangu alikuwa amekula chakula cha nyumba ile akiwa na kesi. Kaka alikuwa ameshaambiwa na wazee aoe mwingine, "apate watoto wazima". Jioni ile mama alimwita wifi kwa jina lake la utotoni, jambo ambalo hakulifanya tangu mtoto augue, akamwambia njoo unishikie huku. Wakausuka wote.

Niulize kipi kiliisaidia familia yetu kuliko vyote, nitakujibu ni kipande kile cha maarifa. Hakikumponya mtoto, ila kilimrudisha mama yake mezani. Kikawaambia pia kwamba hatari ya mtoto mwingine kupata Rett ni ndogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 1, wakati wao walikuwa wameshaapa kutozaa tena.

Dawa ipo? Mwaka 2007 watafiti wa Edinburgh, chini ya Adrian Bird, waliwarudishia panya kinasaba hicho wakiwa wakubwa, na panya waliokuwa mahututi wakaamka wakatembea. Maana yake seli za ubongo zilikuwa hazijafa, zilikuwa zinangoja. Nilipolisoma hilo nililia jikoni. Machi 2023 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza mahsusi, trofinetide. Si tiba kamili, inapunguza baadhi ya dalili, na wengi huharisha wakiitumia. Bei yake ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Majaribio ya kupandikiza kinasaba yanaendelea huko Marekani. Nawaombea heri, lakini sitamwambia wifi yangu akae na mizigo mlangoni kama anayengoja basi.

Yapo ya kufanya hapa hapa, na mengine ni bure. Watoto wetu hurudi kliniki wakiwa na miezi kumi na minane kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Huo ndio umri ambao watoto wa Rett wanapoteza maneno na vidole. (Na ndiyo maana sindano ile inasingiziwa. Mtoto kachomwa, mwezi uliofuata kanyamaza, nani utamwambia hakuna uhusiano?) Muuguzi anampima uzito, anaandika kwenye kadi, anasema mama kwaheri. Aongeze swali moja: kuna kitu alikuwa anakifanya akaacha? Na utepe mmoja wa fundi cherehani wa kupimia kichwa, kwa sababu kwa watoto wengi hawa kichwa hupunguza kasi ya kukua mapema. Majibu yaandikwe mahali pamoja, si kwenye kadi inayobaki sandukuni kwa mama. Watu wa Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu 2004, kwa majina na kwa damu, na dunia inasoma kazi yao. Asiniambie mtu kwamba kutunza daftari la watoto hatuwezi.

Vikundi navyo vipo, tusijifanye tunaanzia sifuri. Dar es Salaam kuna taasisi ya Ali Kimara inayohangaikia magonjwa adimu, Kenya kuna Rare Disorders Kenya, na mwisho wa Februari kila mwaka utawaona wamevaa fulana. Wengine wanaotutembelea huja na kiti cha magurudumu, mpiga picha na maji ya chupa. Kiti tumekipokea, ahsanteni. Hakipiti mlangoni. Kingetufaa zaidi mtu wa mazoezi ya viungo aje mara moja kwa mwezi autazame uti wa mgongo, maana kwa watoto hawa hupinda, na wa kumshika mtoto saa mbili ili mama yake alale.

Na kitu kingine tulichojifunza hakina hata bei. Watoto wa Rett mikono imewatoroka na ulimi umewatoroka, lakini macho hawajapokonywa. Huko ng'ambo wana mashine za kompyuta zinazofuata jicho. Sisi wifi anashika kikombe cha uji mkono wa kushoto, kipande cha embe mkono wa kulia, anavitenganisha, anangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Unahesabu mpaka ishirini, unaona mtoto hajasikia, unataka kukata tamaa, na kumbe jibu liko njiani. Halafu macho yale yanasafiri, polepole, yanatua kwenye embe. Mara ya kwanza nilidhani bahati. Wifi akabadilisha mikono. Macho yakalifuata embe.

Mwezi uliopita, kupitia mtu wa mtu wa mtu, wifi alipata namba ya mama mmoja wa Mombasa mwenye binti wa miaka tisa mwenye sindromu hiyohiyo. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Nilidhani atauliza habari za dawa, au degedege, au shule. Mwishowe akabonyeza kitufe cha sauti, akasema kwa haraka kama anayeungama: "Dada, samahani, wako huwa anacheka usiku?"

Jibu lilikuja baada ya isha, sekunde tatu tu, na kwa nyuma unasikia mtu anasaga meno.

"Ni nani alokwambia?"