Nimecheka Msibani kwa Kibodi

Mi sioni. Nalisema mapema kabisa ili nikifika katikati mtu asije akaniuliza "sasa we si ungeangalia kwanza ulichoandika", hapana, nisingeangalia, surua ilishanimalizia hiyo kazi nikiwa mdogo. Nafanya kazi ofisini hapa Dar kama watu wengine, nachelewa kama watu wengine, foleni nailaumu kama watu wengine, tofauti ni kwamba kompyuta yangu inaongea. Programu yenyewe inaitwa NVDA, ni ya bure kabisa, aliianzisha 2006 jamaa wa Australia anaitwa Michael Curran ambaye na yeye haoni, Mungu ambariki huko huko aliko, manake zile za kulipia ukitajiwa bei unatamani urudi zako kwenye nukta nundu.

Sasa mi hii programu nimeiwekea spidi kubwa, ukipita karibu na meza yangu utadhani kuna muuza mitumba anakimbizwa na mgambo huku bado ananadi, ila mwenyewe namsikia kila neno. Spidi siyo shida. Shida ni kwamba inasoma KILA KITU. Nyie wenye macho imeili ndefu mnaitupia jicho moja tu, mnaruka maneno yote, mnatua pale penye tarehe au penye hela. Mi nitaruka vipi kitu ambacho sijajua kama kipo?

Na imeili zetu za ofisini mnazijua. Mtu anaandika "Asante" tu, neno moja, halafu chini yake kuna saini kama ya balozi. Naanza kusomewa "picha, image001 nukta png", hiyo ni logo, halafu "jedwali, safu tatu, nguzo mbili", cheo chake, sanduku la posta, halafu namba ya simu, na kwa sababu kaianza na 255 bila kuacha nafasi popote basi inasomwa kama hesabu moja, mabilioni mia mbili hamsini na tano na ushee, yaani mtu wa masijala tu ila simu yake inatajwa kama bajeti ya wizara. Hapo hujamaliza. Linakuja tangazo refu la Kiingereza kwamba imeili hii ni ya siri kama siyo yako ifute upesi, siri gani, mtu kasema asante. Mwisho naombwa nifikirie mazingira kabla sijaiprinti. Mi na kuprinti wapi na wapi.

Na sauti ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili ipo, eSpeak, ile programu ya kutengeneza sauti, wanayo, ila sisi tunaandika nusu Kiswahili nusu Kiingereza kwenye sentensi hiyo hiyo kwa hiyo yoyote utakayochagua lazima upande mmoja uumie. Nimeamua kuumiza Kiswahili. "Pole sana" inasomwa "poul sana", "mume wake" ndo inakuwa kitu sijui hata nikiandikeje, nimeshazoea.

Sasa ili usizeeke kwenye imeili moja, NVDA inakupa herufi za kurukia. Ukiwa kwenye hali ya kusoma, herufi haziandiki, zinakubeba. H inakupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na kwenye imeili yetu ya mtandaoni kila jina la mtumaji limewekwa kama kichwa, kwa hiyo ukigonga H H H unaruka mtu hadi mtu bila kusikia saini ya yeyote, raha tupu. K inakupeleka kwenye viungo, zile linki. Ukishikilia Shift unarudi nyuma. Ukitaka kuandika unabonyeza Insert na Space, kinalia kimlio kidogo, herufi zinarudi kuwa herufi. Ukibonyeza tena kinalia kingine, unarudi kwenye kusoma. Hivyo vimlio naomba mvikumbuke.

Manake wiki hiyo nilikuwa nimenunua hedifoni za bluetooth Kariakoo, zile ndogo za kuchomeka sikioni, muuzaji kaniapia kwa mama yake mzazi kwamba ni orijino. Zilikuwa na tabia moja. Ikipita sekunde mbili tatu kimya, zinalala. Kompyuta ikisema kitu zinashtuka, zinaamka, ila zinakuwa zishameza mwanzo wa neno. Kama kinachosemwa ni kifupi kinamezwa chote. Vimlio vyangu sikuwa navisikia tena kabisa, nikawa nabonyeza kwa imani. Na ile ya kunitajia kila herufi ninayoandika nilishaizima zamani, inakera, unaandika jina lako unasikia unasomewa kama uko darasa la kwanza.

Basi, Jumatatu nafika, nafungua imeili, nakuta uzi umekua usiku kucha. Kichwa chake: "RE: RE: FW: Mchango wa chai". Ndani hamna chai. Mtu wa utumishi alitaka kutangaza msiba, akaona kuandika anwani za watu upya ni kazi, akaitafuta imeili ya zamani iliyokwenda kwa wote, akajibu humo humo. Mama mkwe wa bosi katangulia mbele za haki chini ya majani ya chai na sukari.

Na pole zishamiminika. Watu na mikono yao ile ya kuomba, emoji, si mnaijua? Wenzangu mnaona vimikono tu. Mi nasomewa "mikono iliyokutanishwa, rangi ya ngozi nyeusi ya wastani, mikono iliyokutanishwa, rangi ya ngozi nyeusi ya wastani", mtu kaweka mikono sita nasomewa yote sita na rangi zake, halafu "uso unaolia kwa sauti, uso unaolia kwa sauti, uso unaolia kwa sauti", kisha saini, kisha mabilioni, kisha nifikirie mazingira.

Nikaona kabla ya kutafuta mazishi ni lini na rambirambi shilingi ngapi, acha kwanza na mimi niweke pole yangu isije ikaonekana nimekaa kimya, bosi huwa anahesabu. Nikabonyeza jibu wote. Nikaandika vizuri kabisa: "Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za msiba wa mama yetu mpendwa". Hapo nikakwama. Jina. Marehemu anaitwa nani? Siwezi kuandika "mama yetu mpendwa" halafu jina simjui, ngoja nipande juu kwenye tangazo nilisikilize.

Nikabonyeza Insert na Space nirudi kwenye kusoma. Kwenye kompyuta yangu hiyo Insert imebanwa kwenye kona na kitufe kingine, ukiibonyeza vibaya haishiki. Kumbe haikushika. Ikaingia Space peke yake. Kimlio sijasikia ila si nimeshawaambia, hedifoni zinakula vimlio, nikajua kimeliwa.

Nikagonga H. Kimya. H H H H. Kimya. Hizi hedifoni zimelala, nikawaza, nigonge nyingi mfululizo ziamke. Nikagonga kwelikweli. Nikasema labda nimepitiliza hadi mwisho wa uzi, turudi nyuma, Shift na H, Shift na H, nazigonga kwa hasira sasa. Kimya. Basi labda tangazo ni kiambatisho, tutafute linki, K K K K K. Kimya. Shift na K. Mwishowe nikabonyeza Tab, hapo ndo nikasikia kitu, mwanzo umemezwa lakini mkia ukafika: "...batani". Ahaa! Batani ya kufungulia kiambatisho hiyo, ilikuwa wapi siku zote. Nikapiga Enter. Ikasema sentensi, ikaliwa yote ikabaki "...ndu". Nikadhani inadaunlodi. Nikaenda zangu kunywa chai.

Kumbe batani ilikuwa ya kutuma. Nyie mlioiona iliingia kwenu hivi:

"Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za msiba wa mama yetu mpendwa hhhhhhhhhhhhhhHHHHHHHHHHHkkkkkkkkkKKKKKKK"

Yaani kicheko kinaanza chinichini halafu kinapanda. Na siyo msiba wa mtu yeyote tu, mama mkwe wa bosi. Nilivyokuja kuambiwa, kuna waliodhani namchekea bosi kwa niaba yake.

Narudi na kikombe changu hedifoni zimekata chaji. Nikachomeka zile za waya za zamani, nikafungua uzi, nikashuka kwa mishale mstari kwa mstari. Nasikia "masikitiko makubwa", sawa, mtu mstaarabu huyu, ghafla: "eich eich eich eich eich eich eich eich", inaenda tu, "eich eich eich kei kei kei kei kei". Nikairudia. Eich eich eich. Damu ikanipanda. Nikasimama pale pale, nikiwa na kikombe mkononi:

"Jamani, samahani, ila hili mi siwezi kulinyamazia. Ni nani humu ndani amekosa adabu kiasi cha kucheka msibani? Tena kwa imeili ya ofisi? Kama umemwachia mtoto kompyuta nyumbani sema tujue, ila kama ni mtu mzima, kwa kweli hukulelewa!"

Ukumbi kimya. Hata feni niliisikia. Nikaona imewaingia, nikaongeza kipande kuhusu maadili ya mtumishi wa umma. Nilikuwa nimekolea.

Mama wa uhasibu, anayekaa jirani yangu, akasema taratibu, "Baba. Hebu kaa."

"Hapana mama, haya mambo tukiyaacha..."

"Baba, kaa. Panda juu kidogo usome jina la aliyetuma."

Nikakaa. Nikagonga Shift na H, safari hii ikaniruka vizuri bila tatizo lolote, hedifoni za waya hazilali. Ikanisomea jina langu, la kwanza, la kati na la ukoo.

Majibu nayo yalishaanza kuingia. Mzee wa masijala: "Kijana, leo kwake kesho kwako." Dada mmoja mgeni wa ofisi ya Mwanza: "Samahani, ni mimi tu ndo sijakielewa kichekesho?" Na kaka wa IT, badala ya kunitetea, kaweka emoji zake nikasomewa "uso wenye machozi ya furaha" mara nane, nilikuwa nimeziheshimu sana zile fani za kompyuta hadi siku hiyo.

Nikasema ngoja niweke mambo sawa haraka kabla bosi hajafungua simu. Nikaandika kwa wote tena, mbio mbio: "Ndugu zangu, ile haikuwa kicheko. Mimi nilikuwa nazunguka humu msibani natafuta vichwa na viungo."

Nikatuma. Mama wa uhasibu aliisoma, akakaa kimya, halafu akaniambia, "Baba, bora ungetuachia zile hhhh."

Na tangazo lenyewe nililokuwa nalitafuta? Picha. Lile bango la tanzia, mshumaa na nini, jina, ratiba, namba ya kutumia mchango, vyote vimechorwa ndani ya picha, NVDA ikipita hapo inasema jina la faili basi imemaliza. Ningegonga H hadi kiyama nisingeipata. Kuna ile ya Insert na R inayojaribu kusoma maandishi ya ndani ya picha, nikaijaribu, jina la marehemu likatoka na alama ya mshangao katikati. Ikabidi mama wa uhasibu anisomee kwa mdomo: mazishi Jumatano, Same, Kilimanjaro, ambayo kwenye imeili za watu wengine nilishasomewa "seim" nikadhani wanasema sehemu ni ile ile, nikawa najiuliza ile ile ipi. Msiba uko nyumbani kwa bosi, Kimara.

Saa saba bosi akaniita. Alikuwa ofisini anakusanya vitu vyake aondoke. Nikaanza kujieleza, hali ya kusoma, hali ya kuandika, Insert imebanwa kwenye kona, hedifoni za Kariakoo, akanikatisha.

"Mke wangu ameiona. Ilinikuta simu anayo yeye."

Nikakosa pa kuweka mikono.

"Akaniuliza huyu ni nani anayecheka. Sasa hayo ya vichwa na viungo mimi sikuweza kumuelezea, nimemwambia kompyuta yako ina virusi. Jioni ukija usimchanganye."

Jioni tukaenda na kosta. Turubai limefungwa, kwaya inaimba, mama wa uhasibu kanishika mkono ananipitisha katikati ya viti. Nimejipanga, nina maneno yangu ya pole nimeyakariri njia nzima toka Ubungo. Kabla sijafungua mdomo mke wa bosi akasikia ninavyotambulishwa, akanyanyuka mwenyewe kwenye mkeka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana baba. Nimeambiwa kompyuta yako imeshikwa na virusi."

Nikayatafuta yale maneno niliyokariri, hata moja sikuliona.

"Nimeshapoa, mama. Inaendelea vizuri."