Safu ya mbele hupimwa kwa mtu wa sita

Kila Agosti, kabla ya msimu wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani, wachambuzi hujumlisha mechi ambazo wachezaji watano wa safu ya mbele, wanaomlinda kotabeki (mrushaji mpira wa timu), wameshaanza, kisha hutangaza kwamba timu fulani ina uzoefu. Watano hao ni senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na mmoja pembeni kila upande. Hesabu hiyo naipa uzito mdogo. Mechi 40 za upande wa kulia hazimfai sana mtu siku anapopelekwa kushoto: mguu wa kurudi nyuma ni mwingine, mkono wa kwanza kugusa ni mwingine.

Uzoefu wenye faida ni ule wa watu wawili wanaosimama bega kwa bega. Wapinzani wakipishana njia kumwendea kotabeki, gadi na mwenzake wa pembeni hubadilishana watu papo hapo, bila neno. Gadi akiendelea kumfuata wa kwake, atamgonga mwenzake, na mlango utabaki wazi. Ugenini, kelele zikizidi, gadi hutazama nyuma. Kotabeki akitoa ishara, gadi humgusa senta, naye senta huhesabu kimoyomoyo kabla ya kuuachia mpira. Hayo hukomaa kwa kurudiwa na watu walewale.

Ndiyo maana nautazama mchezo wa Michigan na Ohio State wa Novemba 25, 2023 kwa jicho tofauti. Robo ya tatu, 17-17, Zak Zinter, gadi wa kulia wa Michigan, akavunjika mguu. Wengi hukumbuka jaribio lililofuata, mkimbiaji wao Blake Corum akikimbia yadi 22 hadi tachidauni, yaani kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Mimi hukumbuka nani alisimama wapi: Karsen Barnhart alitoka pembeni kulia akaingia kuwa gadi, na Trente Jones akashika pembeni. Hawakumtafuta gadi wa akiba. Walimwingiza mtu wa sita kwa ubora, wakapanga upya kumzunguka. Wakashinda 30-24, na Januari wakawa mabingwa wa taifa.

Mwaka uliofuata majeraha yaliwagharimu Ohio State zaidi. Josh Simmons, wa pembeni kushoto, aliumia goti dhidi ya Oregon. Zen Michalski akajaribiwa dhidi ya Nebraska, Ohio State wakashinda 21-17 kwa taabu. Kisha gadi Donovan Jackson akahamishiwa pembeni, Carson Hinzman akaziba pale kwenye ugadi. Senta Seth McLaughlin naye akapoteza msimu kwa kano ya kisigino, Hinzman akasogezwa tena, sasa awe senta. Walifungwa na Michigan 13-10 kabla ya kutwaa ubingwa Januari 2025. Vipaji vilikuwepo, wiki za kuzoeana ndizo zilizokosekana.

Kwa hiyo nikikagua timu natafuta wanane, si watano. Kati ya watatu wa akiba, mmoja awe senta aliyezoea kumpasia kotabeki wa kwanza mazoezini kila wiki (pasi ya juu mno huweza kupoteza yadi nyingi, pengine na mpira wenyewe), na mwingine aweze pembeni zote mbili.

Ugumu wa sasa ni kuwabakiza. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo, hivyo wa sita asiyeona uwanja huondoka. Dawa ni kumpa zamu robo ya pili, mechi ingali moto. Kanuni ya 2018 ilimruhusu mchezaji kucheza hadi mechi 4 bila kupoteza mwaka mmoja wa haki yake ya kuchezea chuo, lakini makocha wengi huzimaliza dakika za mwisho za mchezo uliokwisha amuliwa, kijana akisukumana na wachezaji wa akiba wa upande wa pili.