Mtoto wa Kwanza na Mshahara wa Mama

Nasikia ikisemwa kwamba wasichana wa siku hizi wameshawafikia wavulana kwa mshahara, kwa hiyo tuache kelele. Wana miaka 25 hao. Tungoje wafike 35.

Mama zetu walipunjwa mchana kweupe. Wangari Maathai alipokuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970, alikuta wahadhiri wanawake walioolewa wakinyimwa marupurupu ya nyumba ambayo wenzao wanaume walilipwa. Eti mke ana mume wa kumpa nyumba! Yeye na wenzake walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe cha wafanyakazi. Mahakama ikakataa, lakini mengi waliyodai yalikuja kukubaliwa.

Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inadai malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Chukua wahasibu wawili walioajiriwa siku moja, mwanamke na mwanamume. Karatasi zao za mshahara zinafanana hadi senti. Kisha mwanamke anajifungua. Anapata likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Baba wa mtoto, wiki mbili. Mama akirudi, anakuta wateja wakubwa wameshagawiwa wengine. Mkutano unaitishwa saa kumi na moja jioni, na dada wa kazi anataka kuondoka saa kumi na mbili. (Dada huyo mwenyewe mara nyingi hana hata karatasi ya mshahara, achilia mbali likizo ya uzazi.) Safari ya Mombasa anapewa mwenzake, kwa madai ya kumhurumia mama mchanga. Hakuna aliyemkata hata shilingi. Cheo tu ndicho kinampita, mwaka huu na mwaka ujao.

Claudia Goldin, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2023, alilionyesha jambo hilo kwa Marekani: sehemu kubwa ya pengo la mshahara lililobaki ni kati ya wanaume na wanawake wa kazi ileile, na hupanuka baada ya mtoto wa kwanza.

Kwetu kuna la ziada. Mshahara wa miezi ile mitatu unatoka mfukoni mwa mwajiri. Mwenye ofisi ndogo akiletewa maombi ya binti aliyeolewa juzi, hesabu anaipiga kimoyomoyo. Mimi ningetaka gharama hiyo ibebwe na mfuko tunaouchangia sote, wanaume kwa wanawake, na likizo ya baba irefushwe mpaka naye aanze kuogopwa kidogo kwenye usaili.