Deccan haikuinuliwa tu, ilirundikwa pia
Makala niliyoisoma kuhusu nyanda za juu inadai kwamba uwanda wa juu ni ardhi tambarare iliyoinuliwa na nguvu za chini ya ardhi, kana kwamba nyanda zote zilizaliwa kwa njia moja. Maelezo hayo yanaweza kuifaa Tibet, iliyopanda hadi wastani wa zaidi ya mita 4,500 baada ya bamba la India, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, kugongana na lile la Asia, lakini hayatoshi hata kidogo kwa upande wa kaskazini-magharibi wa Deccan, uwanda wa juu wa kusini mwa India. Huko, takriban miaka milioni 66 iliyopita, lava ilitiririka kupitia nyufa, ikapoa, kisha ikafunikwa na nyingine, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana hadi leo miteremko ya vilima vyake imekatika mithili ya ngazi. Mwamba huo wa basalti ukimeng'enyeka hutoa udongo mweusi unaoshika maji, hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, na hustawisha sana pamba. Wala uwanda huo si meza: umeinamia mashariki, hivyo mto Godavari, ingawa chanzo chake kiko karibu na Bahari ya Arabu, huipa kisogo bahari hiyo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,400 hadi Ghuba ya Bengal. Je, wasomaji wenzangu, neno "tambarare" linastahili kweli kubaki katika fasili hiyo?