Mkamba Juu ya Mti

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Kwenye ghala ninalofanyia kazi karibu na Harrisburg, Pennsylvania, ikifika Septemba watu hawazungumzii mpira wala siasa, wanazungumzia ayala. Ni yule yule mnyama tunayemwimba kanisani kwamba anatamani maji. Huku wamejaa kama mbuzi wa Kitui, wanakula maua ya watu uani na kurukia magari usiku. Basi siku moja, saa ya mapumziko, nikakuta wenzangu wanabishana kuhusu pinde, nami nikaona nitie chumvi yangu. "Mimi ni Mkamba," nikasema. "Kwetu mtoto anazaliwa ameshika uta."

Mimi nilizaliwa Donholm, Nairobi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijawa hata wazo. Mshale pekee niliowahi kurusha ulikuwa kijiti cha ufagio, na uliishia kwenye sufuria ya maharagwe ya jirani. Aliyekuwa na uta ni babu. Uliningʼinia jikoni kule Mwingi, mweusi kwa moshi, na sisi wajukuu tulikatazwa hata kulisogelea podo la mishale kwa sababu ya sumu. Lakini ghalani nani angeyajua hayo? Walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa kupanga maboksi.

Miongoni mwao walikuwa wawili, baba na mwana. Baba nilimpa jina la Mzee Ndevu, maana zinamfika kifuani. Anaendesha foklifti. Mwanawe yuko upande wa kupakia malori. Wanaishi nyumba moja, wanatumia pikapu moja, na wana kibanda chao cha mbao huko kaskazini, kaunti ya Potter, wanakokwenda kuwinda. Kitu kimoja tu kimewashinda kukubaliana, nacho ni krosibo.

Kama hujawahi kuiona: chukua upinde, ulaze, uufunge mbele ya kitako cha bunduki. Juu tia darubini, chini tia kifyatulio. Ukishauvuta upote, yaani kamba ya upinde, ukanasa, umenasa. Utakaa hivyo hata saa tatu ukikungoja wewe umalize kupiga chafya.

Ugomvi ni huu. Pennsylvania ina msimu wa mishale, unaoanza mapema Oktoba, wiki nyingi kabla ya msimu mkuu wa bunduki. Zamani, sehemu kubwa ya jimbo, mtu hakuruhusiwa kuingia msituni msimu huo na krosibo mpaka awe na kibali cha ulemavu. Mwaka 2009 wakafungulia kila mtu. Mzee Ndevu huutaja mwaka huo kama wazee wetu wanavyotaja mwaka wa njaa.

"Mwenye upinde," hunielezea huku foklifti inanguruma, "lazima auvute mnyama akiwa hapo, hatua ishirini. Ayala anaona ukope ukipepesa. Nimefanya mazoezi kiangazi chote ili nipate sekunde tatu. Huyu mwanangu anakaa kama yuko benki, anachungulia, anabonyeza." Mimi ningesema krosibo ni bunduki iliyovaa buibui, lakini sikujua buibui ningemtafsiria vipi.

Mwana naye hakosi jibu. Upinde wa baba yake una roda mbili na kamba zinazopishana kama winchi. Ukishauvuta hadi mwisho, uzito karibu wote unapotea mkononi. Aliyeubuni ni bwana mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapata hataza mwaka 1969, na wenye pinde za mti walilalamika maneno haya haya, kwamba huo si upinde, ni mashine. "Leo mashine yake imekuwa mila na desturi," asema mwana. Halafu anazungusha bega la kulia ili usikie linavyolia. Aliliumiza kazini, na upinde wa kawaida hauwezi tena.

Wakanigeukia wote wawili. "Wewe mtu wa uta, unasemaje?"

Nikajibu kama mgombea ubunge. Nikasema pande zote zina hoja na mashauriano yaendelee. Jibu hilo likaonekana la hekima kiasi kwamba nikaalikwa Potter.

Kabla ya safari Mzee alinipa upinde wake niujaribu nyuma ya nyumba yao. Kuuvuta kunataka nguvu ya ratili 60. Niliushika, nikaegemea nyuma, nikavuta. Upote haukusogea. Nilichosogeza ni uso. Nikavuta tena, ikanitoka sauti ambayo mtu mzima hapaswi kuitoa mbele ya wafanyakazi wenzake. Mzee akaupokea upinde wake taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Kwetu ni mfupi zaidi," nikasema.

Ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa mwana na krosibo yake ya akiba. Nikasoma kozi ya usalama wa wawindaji, ambayo kila anayekata leseni mara ya kwanza lazima aipite. Nikalipia leseni, nikalipia na ile ya mishale juu yake. Nyumbani nikamwambia Mama Mutheu aandae nafasi ya nyama.

"Nyama gani, Baba Mutheu?"

"Ya ayala."

"Wewe? Juzi umemkimbia raku, kanyama kale kadogo, kwenye pipa la taka."

Usiku wa kuamkia safari nilisoma kila kitu kuhusu krosibo, nisije nikaaibika. Nikakuta hata Kanisa liliwahi kuikemea: Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, enzi za Papa Innocent II, uliharamisha silaha hiyo kutumiwa dhidi ya Wakristo. Nikasoma vizuri zaidi, nikakuta mstari huo huo unawataja na wapiga pinde wa kawaida. Nikauhifadhi kichwani. Laiti ningehifadhi na mengine.

Tuliamka saa kumi usiku. Baridi ya Potter mwezi wa Novemba haikuulizi jina. Mwana akanipeleka kwenye mwaloni wenye kiti cha chuma kilichofungwa futi kama kumi na tano juu, ngazi ikiwa ubavuni. Tukiwa chini akaniambia nitie mguu kwenye kikanyagio cha krosibo, nichukue kamba ya kuvutia, ndoano huku na huku, nivute kwa mikono yote miwili. Ta! Upote ukanasa. "Dole gumba usiliweke juu ya reli hii," akasema, "kama bado unalihitaji." Mshale usiwekwe kwanza. Panda, jifunge, kisha uivute krosibo juu kwa kamba.

Mkanda wa usalama ni ule wa mabega na mapaja, unafungwa kwenye mti kwa nyuma. Una na utepe mwingine wa ziada: ukianguka ukaningʼinia, unautengenezea kitanzi, unakanyaga, damu isisimame miguuni. Walitufundisha kwenye kozi na walisisitiza sana. Mimi utepe wangu niliufungia mfuko wa chapati.

Mwana akaondoka. Mzee alikuwa bonde la pili na upinde wake. Tulikubaliana kukutana kwenye mti wangu saa nne.

Kukakucha polepole. Kuna kitu hawakwambii kuhusu kuwinda: ni kukaa. Kindi mmoja kwenye majani makavu ana kelele kuliko ngʼombe, na kila alipopita moyo wangu ulisimama. Saa moja, hola. Saa mbili, hola. Saa mbili na nusu nikaona krosibo itundikwe kwenye ndoano ya mti, mshale ukae podoni, na mimi nipate kifungua kinywa. Nikamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikaiweka chupa chini, karibu na mguu. Nikatia chapati mdomoni.

Akatokea.

Hakuja, alitokea tu, kama mtu anayekudai. Dume, pembe zenye rangi ya chai ya maziwa, shingo imevimba kwa msimu wa majike, mvuke unamtoka puani. Hatua ishirini na tano labda. Nyuma yake jike na ndama mkubwa. Nikaona hata unyevu wa pua yake. Babu yangu kaburini bila shaka aliketi wima.

Nikainuka taratibu, chapati mdomoni, mkono mmoja unaielekea krosibo. Kiatu cha kushoto kikakanyaga chupa ya chai. Chupa ikabiringika, nami nikabiringika nayo.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kufupi. Mkanda ulinidaka kwa namna ambayo, tuseme tu, Mutheu anaweza kubaki mtoto wa pekee. Nikawa naningʼinia futi kumi hewani, nazunguka polepole kama mbuzi wa kuchoma. Dume akagonga ardhi kwa kwato moja, akapuliza pua, fyuuu, akainua mkia mweupe kama leso ya kuaga, akaenda zake. Krosibo ilikuwa juu yangu ndoanoni, imevutwa, haina mshale, imetulia. Simu ilikuwa juu. Utepe wa kukanyagia ulikuwa chini, umeukumbatia mfuko wa chapati.

Nikajaribu kuushika mti. Mti ulikuwa mgongoni. Nikajaribu kuifikia ngazi, nikazunguka na kuiangalia ikinipita. Nikaanza kupiga miguu kama mtu anayeendesha baiskeli, hilo angalau nililikumbuka kutoka darasani. Nilipochoka nikatulia, na kimya kiliporudi, yule ndama naye akarudi. Akaja mpaka chini yangu kabisa. Akainusa chapati iliyonitoka mdomoni. Akailamba. Akafikiri. Akaiacha. Hili Mama Mutheu sijamwambia mpaka leo.

Hapo ndipo nikapiga yowe, la Kikamba, la mtu aliyevamiwa. Ndama akatoweka, na haikupita muda Mzee Ndevu akatokea upande mmoja na mwanawe upande mwingine. Wakasimama chini yangu, wakainua vichwa.

Nilitegemea mtu aseme "pole".

"Unaona?" Mzee akamwambia mwanawe. "Hii ndiyo krosibo. Mtu hajafanya mazoezi hata siku moja, mnampa silaha, mnampandisha mti."

"Hajaanguka kwa krosibo, ameanguka kwa chupa ya chai."

"Angekuwa na upinde asingekuwa hapo kabisa. Asingeweza kuuvuta."

"Kwa hiyo asiwinde? Na mimi mwenye bega bovu nisiwinde? Wawindaji wanapungua, ayala wanazidi, mama aligongana nao mara mbili barabarani, na wewe unachagua nani aingie msituni!"

"Jamani," nikasema.

"Kuna klabu ya kumbukumbu za pembe za wapiga upinde, Pope and Young," akaendelea Mzee kana kwamba mti ndio uliozungumza, "ipo tangu 1961. Nenda kawapelekee pembe za krosibo uone kama watazipokea."

"Wasizipokee. Sili pembe."

"Hata Papa aliikataza!"

Sasa, mtu mwenye akili, anayeningʼinia, angenyamaza. Lakini nilikuwa nimelisoma lile jambo usiku kucha, na ujuzi ukikaa tumboni unawasha. "1139," nikasema kutoka juu. "Lakini Mzee wangu, walikataza na upinde wa kawaida. Mstari ule ule."

Wakainua tena vichwa. Mwana akacheka mpaka akashika magoti. Mzee akanitazama kwa jicho la mtu anayefikiria kurudi kwenye gari.

"Na hiyo chapati," akasema kwa utulivu, akiielekeza kwa ncha ya kiatu, "iko chini ya kiti chako. Chakula chini ya kiti ni chambo. Kuwinda juu ya chambo Pennsylvania ni kosa."

"Imeanguka, Mzee!"

"Wote wanasema hivyo."

Mwishowe mwana akapanda ngazi, akanishika mkanda, akanivuta mpaka mguu wangu ukapata kipago. Nilishuka nikitetemeka, nikamkumbatia mwaloni kama shangazi aliyetoka ushago.

Ikabaki krosibo. Upinde ukikosa mnyama unaurudisha upote pole pole na kwenda nyumbani. Ile ya kwangu haikuwa na huruma hiyo. Ikishavutwa lazima ifyatuliwe, tena ikiwa na mshale, la sivyo inajivunja yenyewe. Mwana akaishusha kwa kamba, akaweka mshale, akanikabidhi. Akanionyesha gogo lililooza hatua thelathini mbele, lina fundo katikati kubwa kama sahani ya chai, na nyuma yake kuna tuta la udongo.

"Malizia."

Magoti bado yalikuwa yanagongana. Nikachuchumaa, nikaegemeza kiwiko gotini, nikachungulia darubini, dole gumba nikaliweka mbali kama linadaiwa. Nikabonyeza. Tap! Tukaenda kutazama. Mshale ulikuwa katikati ya fundo, umezama mpaka karibu na manyoya.

Kimya. Mzee akaupapasa. Mwanawe akaupapasa.

"Unaona?" akasema Mzee. "Hata yeye amepiga!"

"Unaona?" akasema mwana. "Hata yeye amepiga!"

Wakaanza upya. Wakatangulia kushuka kwenda kwenye pikapu, mikono inarushwa huku na huku, nami nikafuata nyuma nikitembea miguu kando kando. Tulipofika pahali penye mtandao simu ikalia. Mama Mutheu alikuwa ametuma picha ya friza, tupu, imesafishwa hadi inangʼaa, na chini yake ameandika: "Ni mkubwa kiasi gani?"