Rais mpya, mradi mpya, viporo vilevile

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na mikunjo imeshaanza kuchanika. Bibi aliifungua kutoka kwenye fundo la kitambaa, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, kisha akanipa. Jina lake. Umri wa kukadiria. Jicho la kulia, mtoto wa jicho. Chini kabisa mhuri wa klabu yetu na neno moja: "Utaitwa."

"Mwanangu," akasema, "mmenisahau, au zamu yangu bado?"

Sikuwa na la kujibu. Ule mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyekaa kwenye ile meza tangu asubuhi, na fulana yangu ya klabu, nikiandika utaitwa, utaitwa, utaitwa, mpaka kalamu ikaisha wino. Ilikuwa kambi ya macho, enzi za rais wa klabu aliyependa macho. Kisha ikaja tarehe 1 Julai, tukapata rais anayependa miti.

Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nina miaka tisa ndani ya klabu ya huduma. Naipenda, na jina lake silitaji kwa sababu nataka waendelee kuniwekea kiti. Ila kuna ugonjwa tunaoulea sisi wenyewe, tunaupigia makofi na kuutengenezea hata sherehe yake ya kila mwaka.

Sherehe yenyewe mnaijua. Usiku wa makabidhiano. Rais anayeondoka anavua mkufu, anayeingia anavishwa, mke au mume anachomekwa ua, mtu anasoma wasifu mrefu kuliko wa waziri. Anayeondoka anapewa ngao ya kuning'iniza ukutani. Anayeingia anafungua karatasi na kutangaza "miradi yangu ya mwaka huu". Yangu, jamani. Sikiliza vizuri siku hiyo, utaisikia hiyo "yangu" mara nyingi kuliko jina la klabu.

Mwaka huu nilinyanyua mkono. Nikauliza: wale wa macho je? Tuliwaandikisha watu 43, waliofanyiwa upasuaji kabla ya Juni kwisha ni 12. Wale 31 tunawaambia nini? Rais mpya, mtu mstaarabu kabisa, nasema kweli, akatabasamu na kunijibu: "Ule ulikuwa mradi wa mwenzangu. Tumpongeze kwa kazi nzuri." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ilitangulia akili.

Mradi wa mwenzangu! Kwa hiyo jicho la bibi lilikuwa na rais wake, na rais huyo amemaliza muda.

Na mtoto wa jicho si ugonjwa wa kukatisha tamaa. Ndio unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, na ndio huohuo unaorekebishika: lenzi iliyofifia inatolewa, ya bandia inawekwa, upasuaji wenyewe mara nyingi hauchukui hata nusu saa. Mtu anaingia ameshikwa mkono, siku ya pili anakusalimia kwa jina kabla hujafungua mdomo. Nimeliona hilo kwa wale 12. Mmoja alinitazama kwa muda, akaniambia, "Kumbe wewe bado kijana, sauti yako ni ya mzee." Ndiyo sababu siwezi kunyamaza. Tungekuwa tumewaahidi kitu kisichowezekana ningesema basi, tulijitahidi.

Sasa, wakubwa wa klabu wakisikia malalamiko kama haya wana jibu moja tayari: ndivyo mfumo ulivyo, mwaka mmoja, uongozi unazunguka. Sawa. Tuuangalie huo mfumo.

Mwaka 1979 Rotary, mtandao wa klabu za huduma kama yetu ulioenea duniani, walianza kuwachanja watoto wa Ufilipino dhidi ya polio. Mwaka 1985 wakautangaza kuwa mpango wa dunia nzima. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine wakaingia rasmi. Wakati ule polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Virusi hivyo vimebaki vikizunguka Pakistan na Afghanistan.

Hesabu miaka hapo. Halafu kumbuka kwamba Rotary hubadilisha rais wa dunia kila tarehe 1 Julai, mwaka mmoja mmoja, sawa na klabu yako na yangu. Tangu 1985 wamepita marais wapatao arobaini. Arobaini! Kila mmoja na nchi yake, lugha yake na majigambo yake. Hakuna aliyesimama jukwaani akasema polio ulikuwa mradi wa mwenzangu, tumpongeze, mimi nimekuja na miti. Kila aliyeingia alilikuta jambo la watu lipo mezani, akalibeba, akalikabidhi. Mfumo ni uleule wa mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba wale waliona aibu kuuacha mradi.

Lions, mtandao mwingine wa klabu za huduma, nao hivyohivyo. Mwaka 1925 Helen Keller alisimama mbele ya mkutano wao wa kimataifa huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Mwanamke asiyeona wala kusikia amewaomba jambo moja, na karne nzima baadaye bado ukiwataja Lions watu wanafikiria macho na miwani. Miaka mitano tu baada ya hotuba ile, rais wa klabu yao ya Peoria, Illinois, alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuwa wanaiona. Klabu ikapaka fimbo rangi nyeupe, ikaongeza ukanda mwekundu, ikazigawa. Kazi ya kopo la rangi. Na hiyo ni rangi iliyotumika kwa akili, maana sisi ya kwetu nitawaeleza.

Kuna shule tuliipelekea tangi la maji. Kibao, utepe, hotuba, watoto wamepangwa juani wakiimba. Rais aliyefuata akaona tangi limechakaa machoni, akalipaka rangi ya kaulimbiu yake na kuandika jina lake. Wa tatu naye akalipaka. Mwezi uliopita nilipita pale kwa shughuli zangu. Tangi linang'aa, ukikwaruza kwa ukucha unaona tabaka la bluu, chini yake njano, chini yake kijani, kama historia ya nchi. Halafu ukiinama unakutana na koki. Koki ileile ya siku ya kwanza, imekufa zamani, imezibwa kwa kipande cha plastiki na kukazwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Maji yanachuruzika, chini pamekuwa dimbwi la kijani.

"Tuliandika barua," mwalimu akaniambia. Walimwandikia nani? Rais yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye tangi wakati huo. Barua ilifika akiwa ameshavua mkufu.

Nilirudi Jumamosi na koki mpya na spana ya kuazima. Robo saa, tena kwa sababu mimi si fundi na mara ya kwanza niliifunga ikatazama juu. Nilipomaliza mwalimu mkuu akatoka ofisini ameshavaa koti, akauliza kwa heshima zote, "Karibuni sana. Wenzako wanafika saa ngapi? Watoto tuwapange wapi?" Hakuwa na kejeli hata kidogo. Ndivyo tulivyomfundisha: watu wa klabu wakija, watoto wanapangwa.

Kuhusu miti sitasema mengi. Tunapanda kila mwaka, mahali palepale, na ajabu ni kwamba nafasi huwa haijai.

Niseme na la upande wa pili kabla mweka hazina hajanipigia. Muda wa mwaka mmoja una faida yake, na nakiri huku nimekunja uso. Unatuepusha na rais wa maisha. Nimeona vyama ambavyo mwenyekiti na kiti wameota mizizi pamoja, hesabu anazijua yeye na Mungu wake. Kwetu mwizi angekuwa na miezi kumi na miwili tu, na nusu ya hiyo angeimaliza akijifunza utaratibu wa vikao. Halafu watu wenye shughuli zao wanakubali kuongoza kwa sababu wanajua ni mwaka mmoja. Sawa, nimekubali. Tena na wale mnaosema michango yenu inaishia kwenye karamu zetu, hapo natutetea: kwa klabu inayofuata taratibu, fedha iliyochangishwa kwa umma hukaa akaunti yake, na chakula cha kikao hutoka kwenye ada tunazolipa wenyewe. Tukila, tunakula vyetu.

Na picha? Picha zipigwe. Anayechangia anataka kuona mchango wake umefika. Ila mtoto mmoja asishike daftari moja na watu wazima sita wakamsaidia kulishika.

Ninachokataa ni hii imani kwamba kuanzisha ndiyo kazi na kumalizia ni udogo. Kuanzisha ni rahisi mno. Kila mtu anakuja siku ya kuanza. Siku ya kambi tulikuwa wanachama 27, wawili walikuja na miwani ya jua na mpiga picha wao. Siku ya kuwasindikiza wagonjwa kubadilishiwa bandeji tulikuwa watatu, mmoja akaondoka mapema. Ile siku ya bandeji ndiyo huduma yenyewe. Bila ya hiyo tumewachungulia watu macho tukaenda zetu. Mtu ambaye hakuwahi kupimwa anaishi na ukungu wake akidhani ni uzee. Uliyempima ukamwambia anaweza kuona, halafu ukapotea, umemwongezea mzigo. Sasa kila asubuhi anasikiliza kama mlango utagongwa.

Tena si kwamba asili ya klabu hizi ni utepe. Mradi wa kwanza wa umma wa klabu ya Rotary ya Chicago, ile ya mwanzo kabisa aliyoianzisha Paul Harris na wenzake watatu mwaka 1905, ulikuwa kuhimiza vijengwe vyoo vya umma mjini. Vyoo! Hebu nambie ni rais gani wa klabu siku hizi atakubali ngao yake iandikwe hivyo. Na choo hakina ujanja: usipokirudia kesho, mji mzima utajua.

Nimepeleka pendekezo kwenye bodi na majibu yake nayajua, lakini nalisema. Usiku wa makabidhiano, kabla mkufu haujavuliwa, katibu asome viporo. Jina la mradi, kilichobaki, nani anasubiri. Kwa sauti, kwenye kipaza sauti kilekile cha wasifu. Anayeingia avipokee kwa jina lake, na fedha za umma zianze kumalizia hivyo, kinachobaki ndiyo acheze nacho. Kamati za miradi zikae miaka mitatu, hata rais akibadilika kuwe na mtu anayejua koki iko upande gani wa tangi. Na kwa kuwa tunatozana faini kila kikao, kuchelewa faini, kusahau pini ya kola faini, simu kuita faini, basi tuweke na ya kiporo. Ukiacha watu 31 wakisubiri, lipa.

Rais wa sasa ameniambia wazo ni zuri, "tulitazame mwaka ujao". Mwaka ujao atakuwa ni nani?

Rais wa zamani, yule wa macho, nilimpigia nikitegemea atanitetea. Alisikitika kweli, sauti ilishuka. Kisha akasema asingependa kuonekana anamwingilia mwenzake. Ngao yake ameitundika sebuleni, nimeiona, imeandikwa idadi ya waliopimwa. Sikumuuliza kwa nini haikuandikwa idadi ya walioona.

Kwa hiyo nimeomba daftari la kambi kwa katibu, amenipa akidhani nataka takwimu. Hospitali iliyotupasulia wale 12 imekubali kupokea watano kila mwezi tukilipia lenzi, na wanachama wanne tumeanza kuchanga kimyakimya kama watu wanaopanga njama. Bibi ni wa kwanza, ameshapata tarehe. Safari hii sikumwandikia neno "utaitwa", nilimwandikia siku na saa, akaikunja mara nne ileile na kuirudisha kwenye fundo.

Waliobaki 30 nawapigia usiku baada ya kazi. Wengine wanapokea kwa mashaka, mmoja aliniuliza kama ni uchaguzi. Hadi jana nilikuwa nimewapata 22. Saba simu haziiti. Mmoja aliyebaki namba yake siwezi kuisoma, tarakimu ya mwisho ni 1 au ni 7, na wa kulaumiwa ni mimi niliyeiandika. Nilianza na 1, akapokea kijana mmoja fundi pikipiki, hana mgonjwa wa macho nyumbani kwao na alikuwa amelala. Leo usiku najaribu 7.