Mashine ya bure, vitendanishi vya kununua

Mgonjwa anayepimwa picha kamili ya damu anajua kulipa dirishani, kuchomwa sindano na kusubiri majibu. Asichojua ni kwamba mashine inayohesabu chembe zake huenda si mali ya hospitali. Msambazaji ameiweka bila malipo, kwa mkataba kwamba vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vitanunuliwa kwake. Biashara ya vipimo imejengeka hivyo duniani kote. Kampuni kama Roche, Abbott na Sysmex hupata sehemu kubwa ya mapato yao ya vipimo kwenye vitendanishi, siyo kwenye mashine.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Hospitali ya wilaya haina mtaji wa mashine mpya, na hata ikipata, itamtoa wapi fundi? Ingia maabara nyingi za umma utaikuta pembeni mashine ya msaada iliyofunikwa kitambaa, imekosa kipuri kimoja. Ya msambazaji ikilala, yeye naye hauzi, kwa hiyo fundi anakuja.

Ila mlango ukishafungwa, ufunguo anao yeye. Mashine nyingi husoma msimbo ulio kwenye chupa na kuikataa ya kampuni nyingine. Bohari ikiishiwa, mgonjwa anaambiwa akapime nje, kwa bei ya nje.

Kuna na gharama isiyosemwa siku ya kusaini. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mtaalamu wa maabara hupitisha kwenye mashine sampuli za udhibiti ubora, ambazo majibu yake yanajulikana tayari: ya chini, ya kawaida na ya juu. Hakuna njia ya mkato hapo, maana bila hizo majibu hayaaminiki. Lakini tuseme siku hiyo wamekuja wagonjwa 12. Vipimo 3 kati ya 15 havina wa kuvilipia, na vitendanishi vimetumika vilevile. Hospitali kubwa hailioni pengo hilo. Ndogo inalibeba kila siku.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuwafukuza wasambazaji. Kinachoniudhi ni mkataba unaotoza kwa chupa. Hospitali ilipie kila jibu lililomfikia mgonjwa, na vipimo vya udhibiti, marudio na matengenezo viwe ndani ya bei hiyo.

Bei zinashuka zikisukumwa. GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, nacho hutumia katriji (kichupa maalum kinachopokea sampuli, cha kutumika mara moja) za mtengenezaji mmoja tu, Cepheid. Kuanzia 2012 katriji iliuzwa dola 9.98 kwa nchi zenye kipato kidogo. Ikabaki hapo zaidi ya miaka kumi, Madaktari Wasio na Mipaka na wanaharakati wakipiga kelele. Septemba 2023, kwa makubaliano na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, ikashuka hadi dola 7.97. Mnunuzi aliyekaa mezani hapo alikuwa anazungumza kwa niaba ya nchi nyingi. Mganga mfawidhi akiitwa peke yake kusaini, hana cha kumbana nacho msambazaji, na ndiyo maana mikataba hii ingejadiliwa kitaifa.